Nani atamjibia Saidi huko Nampula?

"Mtoto mkimya apelekwe mji mkubwa, hakuna atakayemsumbua."

Kaka yangu, Mwalimu Bakari, kasema hivyo jana, na ukoo mzima ukaitikia.

Upuuzi!

Leo tulikuwa garini tunarudi kwetu Palma, mimi na mwanawe Saidi, anayeanza chuo kikuu. Kwenye kizuizi cha jeshi, wanakosaka waasi, mwanajeshi akamwuliza kwa Kireno anatoka wapi.

Saidi anakijua Kireno kuliko mimi. Lakini akainamisha macho, kimya, kama tulivyomfundisha afanye mbele ya wakubwa.

"Shuka."

Akashuka. Bunduki ikamfuata.

Mama wauza samaki tuliopanda nao gari wakapiga kelele kwa pamoja: "Ndivyo alivyo huyo! Hata sisi hatusemeshi! Mwana wa Mwalimu Bakari huyo!"

Mwanajeshi akamrudisha garini. Kisha akaniinamia dirishani: "Leo wenzake wamemjibia. Siku akiwa peke yake je?"

Swali hilo nalileta hapa.

Ninyi vijana wa Palma mnaosoma Nampula: Saidi anafika Jumamosi. Mpokeeni, mkae naye nyumba moja, majirani wamjue. Andikeni hapa chini nani atakwenda kumpokea.

Nataka majina, si dua.