Betri Iliyofungwa Kama Mzigo wa Ngamia

Gari langu lilinizidi umri. Niliachiwa na ofisa mmoja Mzungu aliyerudi kwao uhuru ulipokuja, nami nilikuwa karani wa ofisi ya mifugo pale Garissa. Lilikuwa na turubai juu, na betri yake ilikaa chini ya kiti cha abiria, ndani ya sinia la chuma. Betri hiyo ilipokufa, nililiwasha kwa hendeli karibu mwaka mzima, mpaka asubuhi moja hendeli ikarudi kwa kishindo ikanipiga kifundo cha mkono. Wiki tatu niliandika barua za ofisi kwa mkono wa kushoto.

Nikaagiza betri mpya Nairobi. Ilikuja na lori katika msafara uliosindikizwa na askari, kwani vita vya shifta, waasi waliotaka mkoa wetu uungane na Somalia, vilikuwa vimepamba moto na gari halikuruhusiwa kusafiri peke yake. Volti zilikuwa zilezile sita, lakini umbo lilikuwa la kisasa, jembamba na refu kwenda juu. Ndani ya sinia la zamani ilicheza huku na huku. Nikaibana kwa vipande vya mbao kila upande, nikazunguka soko mara moja tu. Mbao zikaruka, betri ikainama, maji yake makali yakatoboa zulia. Ingeinama zaidi kidogo, vichwa vyake vya kufungia nyaya vingegusa chuma cha kiti na kutoa cheche, na tangi la petroli halikuwa mbali.

Mama yangu alikuwa kibarazani akinitazama. Alikuwa ametoka Buna, mbali kaskazini, miezi michache kabla, baada ya ngamia wake wote kumalizika katika vita vile. Tangu afike nyumbani kwangu, upande wa Garissa ambao leo ni mtaa wa Iftin, alisali, akanywa chai, akajibu salamu. Zaidi ya hayo, hakushika kazi yoyote. Sikujua nimfanyie nini.

Siku hiyo alinyanyuka, akaja kusimama juu yangu.

"Unaibana mbavu," alisema kwa Kisomali. "Mzigo haubanwi mbavu. Unakazwa chini."

"Hooyo," nilimwita mama, "hii si mzigo. Ina moto ndani."

"Na maji?"

"Na maji pia."

"Basi ni kama chombo cha maziwa. Kisiinuke, kisigeuke. Niletee ngozi."

Nilimletea ngozi kavu ya ngamia na kamba ya katani. Nilimweleza mambo mawili: vifuniko vya juu visizibwe, maana betri hupumua, na vichwa viwili visiguse chuma. Alisikiliza vizuri kuliko makarani wenzangu. Akakunja ngozi kuwa godoro chini ya betri, akapandisha kingo zake kuizunguka ubavuni, akaweka vijiti viwili juu, kimoja kila ukingo, akavipitishia kamba hadi kwenye matundu ya sinia, akakaza kwa goti. Mimi nikavifunika vichwa kwa mpira wa tairi. Aliniambia nisukume. Nilisukuma kwa mikono miwili. Gari zima lilitikisika, betri haikusogea.

"Kwa ngamia ningemaliza haraka zaidi," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aje nikamwona akicheka.

Mwezi uliofuata nilipata kibali cha kumpeleka Modogashe kumwona kaka yake, aliyehamishiwa na serikali katika kijiji cha huko kwa sababu ya vita. Tulikuwa nyuma kabisa ya msafara. Kwenye kizuizi kimoja, askari kijana kutoka bara, mgeni wa huku kwetu, alinyanyua kiti cha abiria, akaona ngozi, kamba, vijiti na nyaya mbili. Akaruka nyuma na bunduki mkononi.

"Shukeni! Mikono juu! Hili ni bomu!"

Tulishuka. Nikajikuta nasema "betri, betri" tu. Sajini wake akaja, akachungulia bila kugusa.

"Kama ni betri, fungua tuione."

Nilijaribu kufungua fundo, likanishinda. Fundo lenyewe sikuwahi kufundishwa. Mama akanisogeza kando. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini alikisema bila woga.

"Mimi nafunga, mimi nafungua. Wewe kijana, weka bunduki. Shika kamba hapa. Bole bole," alisema, akimaanisha polepole.

Askari alimtazama sajini. Sajini akatikisa kichwa kukubali. Kijana akaegesha bunduki, akashika kamba. Fundo lilifunguka kwa mvuto mmoja, ngozi ikakunjuliwa, na betri ikakaa pale wazi, nyeusi. Sajini akaanza kucheka mpaka akashika kiuno.

"Mama, nani alikufundisha ufundi wa magari?"

"Ngamia," alijibu, na kumwamuru kijana akaze tena. Alimkosoa mara mbili kabla hajaridhika.

Tulifika Modogashe alasiri, mabonde yote ya njiani tumeyapita, na hakuna tone lililomwagika. Mjomba alitupokea kwa chai ya maziwa. Mama alimsimulia habari ya kizuizi, akiigiza namna askari alivyoruka, na kila aliporudia, askari aliruka mbali zaidi. Mjomba alifuta machozi ya kicheko. Kisha wakaanza kuwataja ngamia wao mmoja mmoja kwa rangi na tabia, yupi alikuwa mkaidi, yupi aliongoza kwenda kisimani. Nilidhani mama atalia. Hakulia. Alikuwa anabishana na kaka yake juu ya ngamia gani alikuwa na maziwa mengi zaidi, sauti juu, na mimi nikajimiminia kikombe kingine.