Mtindi wa Posa Uliolala na Migebuka

Enzi zetu friji ilikuwa moja kwa mtaa mzima, na haikuwa na siri. Nasema hivi nikiwa na hasira, kwa sababu juzi wifi yangu amenitumia video ya dada mmoja aliyevaa glovu, anamwaga mtindi kwenye trei, anapanga stroberi moja moja kama anayepanga maua kaburini, anaingiza kwenye friji, kisha anatuambia eti ni ubunifu wake. Ubunifu? Dada, sisi kitu hicho tulikila Tunduma kabla hujaota meno, na chetu kilikuwa na harufu ya migebuka.

Mliokulia mtaani kwetu mnakumbuka. Asubuhi baridi ya Juni inakaza magoti, mchana vumbi la malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, na sisi na kandambili zetu zilizoshikizwa kwa pini tunawasalimia madereva wa Zambia "mulishani, mulishani" ili watupe pipi. Shule tulikwenda na ufagio na kidumu cha maji. Ukichapwa na mwalimu ukaja kushitaki nyumbani, unaongezewa. Leo mtoto akikaripiwa kidogo tu, wazazi wanaitana kikao, eti ameumia moyoni. Sisi mioyo yetu ilitibiwa kwa mwiko.

Friji yenyewe ilikuwa ya mama Rukia, mwanamke wa Kigoma aliyeletwa Tunduma na mume wake msafirishaji. Aliuza barafu za ukwaju za kwenye vifuko, na humo humo alihifadhi migebuka, samaki wa kwao Ziwa Tanganyika, dawa ya macho ya bibi wa nyumba ya pili, na nyama ya yeyote aliyebisha hodi. Rukia binti yake ndiye aliyenifundisha uovu wote ninaoujua.

Mtindi wa kutafuna tuliugundua kwa ulafi. Mara ya kwanza tuliumwaga moja kwa moja kwenye sinia la bati, ukashika kama saruji, tukaukwangua mpaka kijiko kikapinda. Mara ya pili Rukia akatandika mfuko wa nailoni chini. Tukajifunza pia kutojaza sana: unene wa kidole unatosha, la sivyo juu unakuwa jiwe na chini bado uji. Tunanyunyiza sukari, karanga zilizotwangwa, ndizi na mbegu za pasheni. Ukishakuwa mgumu unaunyanyua na mfuko wake, unaugonga kwenye ukingo wa meza, unavunjika vipande vyenye ncha za kuchana ulimi. Hakuna kipande kilichofanana na kingine, na kugombania ndiko kulikokuwa utamu wenyewe.

Sasa nikiwa darasa la nne, dada yangu Eliza akapata mchumba, na wazee wa upande wa mume wakapanga kuja kutoka Ndalambo kuleta posa. Mama yangu, Mnyiha wa Mbozi, alikuwa na sheria yake: mgeni wa posa haongei neno kabla hajanywa mtindi wa nyumba hiyo. Ukimpa soda umemwambia binti yako hajui kazi. Akaandaa ndoo nzima, akaifunika kwa kitambaa, akaapa kwamba atakayeigusa atamrudisha tumboni alikotoka.

Mimi na Rukia tulitaka bakuli moja tu. Lakini ukichota bakuli moja ndoo inaonekana imepungua, ukichota la pili inaonekana zaidi, kwa hiyo tukaona heri tuimalize kabisa, mwingine tumboni, mwingine kwenye masinia ndani ya friji ya mama Rukia. Nikaiosha, nikairudishia kitambaa chake. Akili za darasa la nne hizo.

Kesho yake wakaja wazee watatu wenye makoti, wakiongozwa na baba mkubwa wa bwana harusi, mtu aliyesifika kwa maneno mengi. Mama akafunua ndoo. Akaitazama kama anayesoma barua ya msiba, kisha akanigeukia.

"Mtindi uko wapi?"

"Kwa mama Rukia, mama. Kwenye friji."

"Kalete."

Nikatoka mbio. Nikarudi na masinia mawili, moja limebaki nusu, maana kila mtoto aliyefungua ile friji alijivunjia chake. Eliza akachungulia kupitia pazia, akaona ndizi, akanusa samaki, akaanza kulia bila sauti. Ndoa yake ilikuwa mikononi mwangu, na ilikuwa inayeyuka.

Mama akapiga goti, akasogeza sinia. Mzee akachukua kipande kikubwa, akakitia chote mdomoni. Shavu likavimba, macho yakamtoka. Sebule nzima ikamsubiri yule mzee wa maneno, na maneno hayakuja. Mwishowe akameza.

"Mama, hiki ni nini?"

Mama, ambaye hajawahi kumdanganya hata mchungaji, akajibu bila kupepesa: "Ndiyo mtindi wetu wa wageni, baba. Huku mjini tunautafuna."

"Na samaki aliyemo?"

"Huyo ni wa jirani."

Mzee akacheka mpaka akashika ubavu. Akawaambia wenzake, "Nyumba hii mtindi wao unalala na samaki wa jirani. Binti yao hatashindwa kuishi na watu."

Akaomba kingine, na masinia yalipokwisha, mama Rukia aliyekuwa amejibanza mlangoni akisikiliza akaleta barafu zake zote za siku hiyo. Posa ya dada yangu ilipokelewa wazee wa watu wakinyonya vifuko kama watoto wa chekechea. Wageni walipoondoka tulichapwa. Mama alimchapa Rukia, mama Rukia akanichapa mimi, kisha wakabadilishana.

Jumamosi iliyopita nimetengeneza mtindi huo wa kutafuna na binti yangu Neema, ana miaka minane. Tuna friji yetu wenyewe, nafasi tele, haina harufu ya mtu. Neema akaupiga picha mpaka ukaanza kulainika, akala kipande kimoja, akasema kinamuumiza jino. Nikamwambia basi apeleke kwa jirani.

Akaniuliza, "Jirani gani, mama?"

Nikafungua mdomo nimtajie jina, nikalikosa. Miaka mitatu tunatenganishwa na ukuta mmoja, ninachokijua ni rangi ya gari lao. Nimekasirika tangu siku hiyo, na wa kumkasirikia simwoni zaidi yangu. Sisi tulikuwa na friji moja na mama kumi. Sasa kila nyumba ina friji yake, na huyu mwanangu ana mama mmoja tu, ndiye mimi, na mdomo wangu huu.