Kamba ya Minani

Kila siku tangu alfajiri Delfina hupanga mikate kiwandani. Saa tisa alasiri huingia katika karakana ya ufinyanzi karibu na Grant Street, hapa Buffalo, Marekani. Huko anatengeneza nakala za sanamu ndogo ambazo watu wa kale wa Japani walizifinyanga maelfu ya miaka iliyopita: wanawake wa mapaja manene na mikono mifupi, wenye macho makubwa yaliyofumbwa, kila jicho kama punje ya kahawa yenye mfuo katikati. Makumbusho moja ya watoto kule Louisville iliagiza kumi na mbili, ili watoto wazishike bila kuogopa kuvunja zile za asili.

Miili ya sanamu hizo ina alama za kamba. Adriano, mwalimu wa karakana, alijaribu kuzipiga kwa uzi wa dukani, zikatoka kama mikwaruzo ya paka. Delfina akachukua nyuzi za mkonge, akazisokota pajani, akaibingirisha ile kamba kwa kiganja juu ya udongo mbichi. Mistari ikatoka safi kama imefumwa.

"Ulijifunza wapi?" Adriano aliuliza.

"Nimebahatisha tu."

Hakubahatisha. Alijifunza kwa mama yake, Minani, Mtwa, wa jamii ndogo inayodharauliwa, aliyefinyanga vyungu Burundi na baadaye katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania. Watu walinunua vyungu vya Watwa, wakapikia, wakahifadhia maji, lakini mfinyanzi mwenyewe hawakumkaribisha kwenye mkeka wao. Siku moja Delfina, akiwa na miaka kumi na minne, alisimama bombani na wasichana wenzake. Minani akapita na vyungu, akamwita kwa jina.

"Unamjua yule?" wasichana wakauliza.

"Simjui."

Minani alisikia. Akakohoa kidogo, akaendelea na safari yake. Miaka ilipopita, Delfina alimwambia mumewe, na baadaye binti yake Caritas, kwamba mama yake aliitwa Felista na alikuwa mkulima.

Kikohozi kile kilirudi alipokuwa akifinyanga sanamu ya tatu. Alikisikia mchana kweupe, nyuma ya bega lake, mara tu mashine ya kukandia udongo iliponyamaza. Alikisikia ndani ya basi, theluji ikianguka, akageuka akaona viti vitupu. Akazigeuza sanamu zilizokuwa zikikauka ziangalie ukuta. Kesho yake akazikuta zote zimemwelekea yeye. Adriano alicheka, akasema yeye ndiye aliyezigeuza ili zikauke sawasawa. Delfina alikubali, lakini siku hiyo hakufinyanga tena.

Mwezi Machi alikuja nyumbani kwa Delfina Mukansanga, mama yake Jovini, mchumba wa Caritas. Alitoka Hilliard, pembeni mwa Columbus, ili wapange siku ya harusi. Mimi ni rafiki wa Caritas na nilikuwa nikigawa chai. Caritas, kwa kuwa alijivunia mama yake, akaleta sanamu moja iliyopata ufa motoni.

"Heh! Mbona amevimba macho kama Jovini akiamshwa kwenda kanisani?" Mukansanga alisema, tukacheka sote. Kisha kidole chake kikapita juu ya alama za kamba, kikasimama.

"Mama Caritas, alama hizi nazijua. Mtungi wa mama yangu kule Makamba, Burundi, ulikuwa nazo. Aliyeutengeneza alikuwa mwanamke wa Kitwa. Alikuwa akingoja nje ya ua." Akamtazama Delfina. "Wewe umefundishwa na nani?"

Sote tulijua uzito wa swali hilo. Wajomba wa Jovini walioko Louisville ndio wenye neno la mwisho, na kwao ukoo huulizwa kabla ya jina.

"Mama amejifunza kwenye simu," Caritas alidakia. "Siku hizi hata chapati watu wanafundishwa na simu!"

Mukansanga akatabasamu. Njia ilikuwa wazi kabisa. Ilibaki Delfina aitikie tu. Nilimwona akigeuza shingo taratibu, kama mtu aliyeguswa begani. Nyuma yake palikuwa na pazia tu.

"Nimefundishwa na mama yangu," alisema. "Jina lake Minani. Alikuwa Mtwa."

Mukansanga aliweka sanamu mezani kwa mikono miwili. Akasema, "Harusi sitaivunja mimi. Lakini Louisville siwezi kuwaficha. Wakikataa, nisilaumiwe."

"Waambie. Au nipe simu niwaambie mwenyewe."

"Basi utawaambia mwenyewe, Mama Caritas. Jumapili."

Caritas alikuwa bado ameshika sinia. Machozi yalimtoka, lakini hakutaja harusi. "Mama, kwa hiyo Felista ni nani?"

"Hakuna Felista, mwanangu."

"Na huyo bibi yangu, amezikwa wapi?"

Delfina alimpokea sinia.

"Sijui. Nilikuwa na wasichana wenzangu kambini, watu walipompitisha akiwa amefunikwa mkeka. Nikasogea pembeni pamoja nao. Nikauliza kama wao walivyouliza: 'Nani huyo aliyekufa?'"