Stima ikipotea, nani hufungua kifuniko?

Watu wangu, leo kompyuta imeninyamazisha.

Mimi ndiye niliyeandika programu ya kuendesha mashine ya visu inayochakata mkonge kwa kiwanda chetu kidogo hapa Voi. Nilijigamba nimeijaribu yote.

Mghoi, mwenzangu wa kazi, hakubishana. Alichora tu kwenye kompyuta hali zote za mashine: imezimwa, inazunguka, kifuniko kiko wazi, stima imepotea. Kompyuta ikaanza kupita kila njia kwenye huo mchoro, yenyewe.

Ikakwama kwa moja. Stima ipotee, kifuniko kifunguliwe, stima irudi: visu vinaanza kuzunguka!

"Lakini nani hufungua kifuniko stima ikipotea?" Mghoi akauliza.

Sisi wote, jamani! Ndio wakati wetu wa kutoa nyuzi zilizokwama.

Juzi stima ilipopotea, mkono uliokuwa mle ndani ni wangu.

Tumezima mashine. Nimeandika haya kwa vidole vyote kumi.

Semeni amina.