Upanga Uliohamia Kulia

Huko Bukavu, Bagalwa alikuwa mchonga mihuri. Minneapolis, kuanzia 2012, alipiga deki kwenye jumba la makumbusho miaka sita, na mpiga deki watu humdhania hana macho.

Siku moja Serah, Mkenya aliyetembeza wageni, aliwaonyesha sura ya bwana mmoja, iliyonakiliwa kwenye bamba la shaba kutoka kwa mchoraji wa kifalme wa Uholanzi, kisha ikachapwa. Upanga ulining'inia kulia.

"Alitumia mkono wa kushoto," Serah akaeleza.

"Hapana, dada," Bagalwa akadakia. "Chapa hugeuza kushoto kuwa kulia, na aliyechonga bamba alisahau kuchonga kinyume. Hata mimi nilimchonga mwami wa kwetu, chifu mzima, kwenye muhuri. Kovu likahamia shavu la pili."

"Akakufanyaje?"

"Angenifanyaje? Alipokwenda mjini, walioujua muhuri walimfukuza. Walisema siye."