Majaribio ya Binti Pipa

Karakanani walimwita Binti Pipa, na si kwa unene, maana mwenyewe alikuwa mwembamba kama ufito. Pipa lilikuwa kazi yake: chuma cha mviringo chenye vijia vyembamba ndani. Likizunguka, moshi wa moto utokao kwenye injini huingia vijiani kwa kishindo, na wimbi la kishindo hicho huibana hewa baridi kabla haijafika kwenye injini hiyo, ya aina ya zile zinazorusha ndege, ili injini ipate nguvu zaidi kwa mafuta yale yale.

Jumatatu mkuu wa karakana alimwambia kwamba mshale wa kipimo usipopanda ifikapo Alhamisi, chumba chake wanapewa mafundi wa kuchomelea. Binti akampigia mama yake simu kwamba wiki hii asimtarajie nyumbani, yuko kwenye majaribio mazito. Simu ilikuwa inakwaruza. Mama akasikia majaribu.

Mama huyo si wa kusikia jambo kama hilo akalala. Alikusanya akina mama wenzake wa kanisani, wakafunga siku tatu ili majaribu yakome.

Yakakoma. Jumanne pipa lilikwama. Jumatano likakwama tena, na binti alikuwa amebadilisha kila alichoweza: mwanya kati ya pipa na kifuniko, mwendo, moto, hata mafuta.

Alhamisi asubuhi mama akatokea mlangoni pamoja na shangazi, mzito wa kusikia, wamekuja kumfariji. Binti alipopata habari ya mfungo akashika kichwa.

"Mama, ni majaribio. Ni kazi yangu. Tafadhali ombeni yaendelee."

"Sala ya hivyo sijafundishwa," mama akasema. Kisha akauliza pipa lina nini, akaelezwa yale manne yaliyobadilishwa kwa mpigo mmoja. Akaguna. "Mwanangu, hata majaribu huja moja moja, mtu ajue anapambana na lipi. Wewe umeyaita yote pamoja."

Binti akarudisha kila kitu kilivyokuwa Jumatatu, akagusa mwanya peke yake, akauongeza kwa unene wa karatasi moja. Chuma kilipopata moto kikatanuka bila kusugua kifuniko. Pipa likavuma, na mshale ukapanda mkuu wa karakana, aliyekuja kuutazama, akiwa amesimama pale pale.

Mkuu akatangaza kwa sauti iliyofika hadi uani kwamba majaribio yanaongezwa mwaka mzima. Mama akaitikia amina, chini chini.

Shangazi akamshika binti mkono, machozi yakimlengalenga. "Pole, mwanangu. Hata mwaka utapita."