Fomu Ilisema Watoto Wamekula

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja ya Ruponda, mwalimu mkuu alinikabidhi boksi la chaki, daftari la mahudhurio na fimbo. "Darasa la kwanza husinzia, mwalimu," alisema. "Hiyo ndiyo dawa yao."

Kabla ya saa nne nilikuwa nimeshaitumia. Binti mmoja, Somoe, alilaza kichwa juu ya dawati tukiwa tunasoma silabi, nikamchapa mkononi. Hakulia. Aliinuka, akayumba, akaanguka. Nilimnywesha maji ya sukari, kisha nikamuuliza alikula nini asubuhi.

"Kwetu tunakula mchana, mwalimu," alijibu kwa sauti ndogo. "Mama akirudi shamba."

Nilikuwa nimempiga mtoto kwa kosa la kuwa na njaa. Hasira ya siku ile ilikuwa juu yangu mwenyewe. Za baadaye zilikuwa juu ya wakubwa wangu.

Kila muhula tulijaza fomu ya afya ya wanafunzi. Kipengele kimoja kiliuliza nani anapata kifungua kinywa. Watoto walinyoosha mikono, mwalimu akaandika, basi. Wote walinyoosha, maana mama zao walishawaonya wasiiaibishe nyumba. Mimi nikaacha kuuliza kama wamekula. Nikauliza wamekula nini. Mikono ikashuka. Huyu muhogo wa jana, yule chai ya rangi, na wengi hawakuwa wamekula chochote. Nikaandika hivyo hivyo. Mkaguzi mmoja akanirudishia fomu.

"Unatuharibia taarifa, mwalimu. Andika wazazi hawana mwamko."

Mwamko! Wanawake wanaoamka saa kumi alfajiri kuwahi palizi ya ufuta, ndio wasio na mwamko!

Baadaye nilihamishiwa Kilimarondo, nikawa mwalimu wa afya, yaani msimamizi wa usafi na wa jiko la uji. Unga ulitokana na mahindi ya wazazi wakulima. Asubuhi moja nikamkuta mwenyekiti wa kamati ya shule akiwatoa kwenye foleni watoto wa wafugaji waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa.

"Hawa kwao wana maziwa," aliniambia. "Uji ni wa watoto wetu."

Nisiwafiche, hata mimi niliamini habari ya maziwa. Lakini nilimfuata mmoja wao, Minza, mpaka kwao, na sikukuta ng'ombe hata mmoja. Mama yake alikuwa anainua mabua ya mahindi yaliyolazwa na tembo. Nikamwomba aje kwenye kikao cha wazazi, naye akaja, akasimama mbele ya watu akatafuta maneno ya Kiswahili moja moja.

"Ng'ombe wameondoka na wanaume, mbali huko, kufuata majani. Mimi na watoto tumebaki na jembe. Kama ninyi."

Kisha Bi Zaituni, mpishi wetu, akainuka akajifunga kanga vizuri. "Kesho foleni ni moja," alisema. "Asiyetaka, aje apike yeye."

Foleni ikawa moja. Mimi nikapata barua ya uhamisho kwenda Ruangwa, na sababu iliyoandikwa ni kwamba nimeleta mgawanyiko.

Huko Ruangwa ndiko nilikostaafia. Siku ya kuniaga, watoto waliimba na kucheza ngoma tangu saa mbili hadi saa saba. Wageni tukaketi kivulini, pilau ikaletwa. Watoto wakaambiwa wakae mbali, wasisumbue. Nikaona macho yao yanavyofuata kila sahani inayopita.

Nikainuka, nikaomba lile sufuria kubwa la pilau lipelekwe kwao.

"Mama, utatuharibia ratiba," mwalimu mkuu wa hapo alininong'oneza. "Mgeni rasmi hajala."

"Mgeni rasmi amekunywa chai kwake," nikamjibu. "Hawa je, umewauliza?"

Nikawapakulia mwenyewe, kuanzia wadogo. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba niliwaaibisha wakubwa siku yangu ya mwisho. Ninyi mnaoanza ualimu mtayasikia maneno hayo. Wajibuni kwamba sufuria lilitosha watoto wote, na mgeni rasmi alikula ukoko, akashiba.